Mnemba ilipita chini ya bawa: kisa cha Unguja hadi Pemba kwenye simuleta

Mpwa wangu ana miaka 19 na anataka urubani, anataka kweli kweli, na kwa miezi kama 8 sasa anakuja kwangu jioni kukaa kwenye simuleta. Mimi nilisoma nadharia ya leseni ya binafsi miaka ya nyuma, saa za hewani zikaishia njiani kwa sababu ya ada, ila vitabu na ruler na ile E6B, duara la kukokotolea upepo na mwendo, la kuzungusha kwa mkono, nimevitunza mpaka leo. Tunatumia programu ya X-Plane, na humo ile ndege ndogo ya Cessna 172 ipo ya aina mbili, moja ina geji za mishale kama zile nilizosomea mimi, nyingine ina G1000 ya Garmin, yaani skrini mbili kubwa, ya kushoto inakuonyesha mwendo, kimo na upeo, ya kulia inakuonyesha ramani na ndege yako imekaa katikati yake. Siku ya kwanza kabisa alichagua ya skrini na mimi nikamwachia, nikasema mbona ndo ndege atakazokutana nazo shuleni. Uamuzi ule ulikuwa wangu, nasema mapema kwa sababu kisa chote kinatokea hapo.

Baada ya miezi hiyo nane alikuwa mzuri, sio siri. Anaingiza safari kwenye kompyuta ya ndege kwa sekunde, otopailoti anaifahamu, anatua vizuri. Unguja kwenda Pemba alishairuka zaidi ya mara 10. Ukimwangalia ungesema huyu anajua kusafiri.

Jioni hiyo nikamwekea hivi. Ndege iko juu ya kiwanja cha Unguja, futi 3,500, tayari hewani, safari imeshaingizwa mpaka Pemba. Kutoka kiwanja cha Unguja mpaka cha Pemba ni kama maili 68 za baharini, na njia kwa dira ya sumaku inakuja karibu digrii 033. Mwendo wa ndege hewani noti 110, yaani maili 110 za baharini kwa saa. Upepo nikaweka kusi la nguvu kidogo, noti 20 ukitokea upande wa digrii 150, na ukungu wa jua kiasi cha kuona kilomita 8 tu. Sikumwambia kwamba nimeweka hitilafu, baada ya dakika 2 skrini zote mbili zinazimika. Kwenye 172 ya G1000 zikizimika huachwi mtupu, chini kuna geji tatu ndogo za akiba, ya mwendo, ya kimo na ya upeo, na juu ya kioo cha mbele kuna dira ya maji, ile ya sumaku. Basi. Hamna ramani.

Skrini zikazima. Hakutaharuki, nampa hongera hapo, akashika ndege kwa mkono, mabawa sawa, kimo sawa, akatazama dira na akaigeuza ndege taratibu mpaka ikasoma 033, akaishika hapo kama mtu aliyepigiliwa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake na saa ya simu inahesabu. Yeye saa hakuigusa.

Dakika ya 13 hivi kisiwa cha Mnemba kikatokea, ile duara ya mwamba na maji ya kijani huwezi kuikosea hata kwenye picha za simuleta, na kikapita kushoto karibu sana, kama maili moja tu, karibu chini ya bawa. Akasema, "Mjomba ile Mnemba, tuko poa." Nikanyamaza. Ilikuwa ngumu kunyamaza.

Baada ya hapo bahari, ukungu, bahari. Kwenye dakika ya 27, 28 ardhi ikaanza kuonekana upande wa kulia, vighuba na mikoko na visiwa vidogo vidogo, akafurahi, akasema Pemba hiyo. Ni kweli ilikuwa Pemba. Dakika ya 34, ambayo ndo alitakiwa awe juu ya kiwanja, chini yake kulikuwa na ncha ya ardhi imechomoza baharini na hamna kiwanja, akaendelea. Kwenye dakika ya 37 au 38 ukatokea mji uko kwenye ghuba, akapunguza nguvu ya injini, akaanza kuzunguka.

Nikamuuliza, "Uko wapi?"

"Chake Chake, mjomba."

Kiwanja cha Pemba kiko karibu na mji huo, nikamuuliza, "Kiwanja kiko wapi?"

"Kinatakiwa kiwe hapa hapa. Labda picha za simuleta hazijakaa vizuri."

Alizunguka mara tatu. Nikasimamisha simuleta nikamfungulia ramani. Alikuwa juu ya Wete. Kiwanja kilikuwa kusini yake zaidi ya kilomita 20, na alikipita upande wa magharibi kwa kama kilomita 17 bila kukiona, kwa sababu jicho lilikuwa na kilomita 8 tu. Akatazama ile ramani muda mrefu sana, halafu akasema, "Lakini nilishika 033 muda wote." Alikuwa mkweli, alishika 033 vizuri kuliko mimi ningeweza. Na hapo ndo kisa kilipo.

033 ni njia. Ni mstari juu ya maji kutoka kiwanja mpaka kiwanja. Sio mahali pa kuelekeza pua. Kusi lile likitokea kulia kwa nyuma lilikuwa linamsukuma kushoto karibu noti 17 na nusu, kwa hiyo ili ndege ipite kwenye mstari wa 033 pua inabidi itazame karibu 042, ndege inakwenda kiubavu ubavu kama jahazi linalokata mkondo. Zile dakika 2 za mwanzo otopailoti ilikuwa inafanya hivyo hivyo, pua kwenye 042, na 042 ilikuwa imeandikwa juu ya duara la dira kwenye skrini mbele ya macho yake. Safari zake zote zile zaidi ya 10 ilikuwa hivyo. Ila namba aliyoiweka kichwani ni ile aliyoisoma kwenye mpango wa safari, kwa sababu ule mstari wa majenta, ile rangi ya waridi iliyokolea inayochora njia kwenye skrini, ulikuwa unafika Pemba kila siku na hakuna siku uliyomdai aulize kwa nini pua haitazami mstari. Kompyuta ilimlipia upepo kimya kimya miezi 8 mpaka akawa hajui kuna deni.

Nilipomwambia hivi alisema upepo anaujua, amesoma. Kweli amesoma, ukimpa swali la karatasi analijibu. Kitu alichokosa ni mazoea ya kuuhesabu kabla ya kuondoka, kwa sababu hakuna kilichomlazimisha.

Sasa turudi Mnemba, maana hapa ndo pananiuma kuliko Wete. Ukiuchora mstari wa Unguja hadi Pemba kwenye ramani ya karatasi, Mnemba inakaa kushoto kwako maili 4 na kitu, ukiwa umeshatembea kama maili 26. Hii inajulikana kabla hujawasha injini. Kwa hiyo siku ile Mnemba ilipopita maili moja kutoka bawani ilikuwa inamwambia kila kitu, umeenda mrama maili 3 kushoto, na bado mapema. Hesabu yake inafanyika kichwani kwa kanuni ya 1 kwa 60, ya zamani na haihitaji umeme: ukitembea maili 60 na umekosea digrii 1, utakuwa pembeni maili 1. Tangu skrini zizime alikuwa ametembea kama maili 22, yuko pembeni maili 3, chukua 3 zidisha 60 gawa kwa 22, unapata kama digrii 8, huo ndo upepo unavyomsukuma. Zimebaki maili 42, 3 mara 60 gawa kwa 42, kama digrii 4 za kumrudisha kwenye kiwanja. Jumlisha, geuka kulia digrii 12, shika 045, subiri dakika 21. Angekiona kiwanja cha Pemba mbele ya pua.

Alikiona kisiwa, akalitaja na jina lake bila kukosea, na hakikumwambia kitu. Kwa sababu kwenye skrini alama ya ardhini ni pambo, ndege yako imeshachorwa pale katikati, ukiona Mnemba unasema ahaa ile Mnemba, kama abiria wa dirishani. Kwa mtu wa karatasi Mnemba ni shahidi, amemwita aje saa fulani upande fulani umbali fulani, akija tofauti kuna tatizo. Wote wawili wanatazama kisiwa kimoja. Kupotea maboya kwa kijana wangu hakukuanzia Wete, Wete ni pale tu palipoonekana.

Na Wete yenyewe ina funzo lake. Mji uko kwenye ghuba upande wa magharibi, na Chake nayo iko mwisho wa mkono wa bahari upande wa magharibi, ukiwa unatamani iwe Chake itakuwa Chake. Saa ingemsaidia, angejua amechelewa dakika 3 au 4 na angejiuliza kwa nini, wakati upepo wenyewe unasukuma kutoka nyuma. Wazee wa majahazi neno majira walilitumia kwa maana mbili, wakati na pia mwelekeo wa chombo kwa dira, na nadhani hawakuviunganisha bure. Neno rubani lenyewe limetoka baharini, ni yule anayejua njia ya kuingiza chombo. Nilimwambia hayo, akaandika pembeni ya daftari lake.

Kesho yake nikaenda upande wa pili, nikampa ndege ya geji, bila GPS kabisa, upepo ule ule. Nilidhani itamfundisha yenyewe. Haikumfundisha. Alifanya vibaya zaidi, geji ya mwelekeo inayozungushwa na jairo inateleza kidogo kidogo na inatakiwa kila dakika 10 au 15 uilinganishe na dira ya maji, hakuilinganisha, akabaki anakimbizana na mishale, kimo kinapanda kinashuka, mwisho akasema geji ni za kizamani hazisomeki. Kwa hiyo wanaosema mpe mtoto geji atajua kusafiri, mimi nimeona kwa macho yangu sio hivyo. Geji hazifundishi kusafiri. Zinakunyima tu jibu, na mtu ambaye hajafundishwa kutafuta jibu ukimnyima anabaki hana.

Kilichomfundisha ni meza. Siku tatu hatukuwasha kompyuta. Ramani, ruler, protrakta, E6B, penseli. Anachora mstari, anapima, anaweka upepo kwenye E6B, anatoa pua itazame wapi, mwendo juu ya maji utakuwa noti ngapi, dakika ngapi mpaka Mnemba iwe ubavuni na upande gani. Siku ya nne akaruka na geji akatokea Pemba, kiwanja kiko mbele kulia kidogo, chini ya maili moja. Alisimama kwenye kiti.

Kuna jambo dogo kuhusu dira ya maji niliweke hapa maana linachanganya vijana wetu. Vitabu vingi tunavyosoma vimeandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, makosa ya dira wakati wa kugeuka yameelezwa kwa upande wao. Huku kwetu pwani sumaku ya dunia inaivuta sindano kuinamia kusini, kwa hiyo kanuni zinageuka, kwao ukigeuka kuelekea kaskazini unanyoosha mabawa kabla dira haijafika, sisi tunaiacha ipite kidogo. Ukikariri cha kwao na ukaja kuruka Tanga utashangaa.

Sasa niseme na upande wangu, maana nikiishia hapa nitaonekana naitetea karatasi tu. Wiki hiyo hiyo mpwa wangu akaniambia mjomba na wewe ruka ya skrini. Nikaruka kuja Dar, nikitegemea ILS, ile redio inayokuongoza kushuka mpaka kutua, ya njia ya kutulia namba 05. Nikaingiza frikwensi kwa mkono kama nilivyozoea kwenye geji, mshale ukakaa katikati vizuri, nikaridhika. Dogo akaniuliza taratibu, "Mjomba huo mshale una rangi gani?" Ulikuwa wa majenta. Kwenye G1000 majenta ni GPS, kijani ndo redio. Nilikuwa nafuata mstari wa GPS huku naamini nafuata ILS, na ndo maana kialama cha kushukia hakikuwepo na mimi sikukiuliza. Kwenye geji nilizozoea mshale ule una chanzo kimoja, hauna habari ya rangi. Hilo ni kosa la mtu wa zamani aliyeingia kwenye skrini na mazoea yake, ni kosa zito kama la Wete, na lisingeonekana bila yeye.

Haya sio mambo ya simuleta peke yake. Mwaka 2010 NTSB ya Marekani, wanaochunguza ajali, walitoa utafiti wa ndege ndogo za injini moja zaidi ya 8,000 zilizotengenezwa 2002 hadi 2006, wakalinganisha za skrini na za geji. Za skrini zilikuwa na ajali chache zaidi kwa ujumla, lakini ajali za vifo zilikuwa kwa kiwango kikubwa zaidi, na wakasema usalama kwa ujumla haukuwa umeongezeka. Walisisitiza mafunzo ya kifaa husika, na wakataka uwepo mwongozo wa kutumia hata simuleta zisizofikia kiwango rasmi cha simuleta za mafunzo kujifunzia vifaa hivyo. Yaani hiki tunachofanya sebuleni kina maana yake, kikifanywa sawasawa.

Dogo aliniuliza swali zuri, kwamba skrini zote mbili kuzima ni nadra, kwa nini nijiandae kwa kitu nadra hivyo. Nikamwambia habari ya Cali, Kolombia, tarehe 20 Desemba 1995. Boeing 757 ya American Airlines inatoka Miami, usiku, marubani wawili wazoefu, skrini zote zinafanya kazi. Walitaka kwenda kwenye redio ya kuongozea ndege ya Rozo, wakaingiza herufi R, kompyuta ikachukua Romeo iliyoko karibu na Bogotá, ndege ikageuka kushoto kuelekea mashariki, na mpaka wanatambua wako nje ya bonde mlima ulikuwa mbele. Walikufa watu 159, wakapona 4. Pale skrini haikuzima hata moja. Kilichozima ni hesabu ya kichwani ya tuko wapi na tunatakiwa tuwe wapi. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kama mimi na Wete." Nikamwambia ndiyo.

Tulichobadilisha ni kimoja tu. Sasa hivi anaruka ya skrini, sijamkataza, ila kabla hajatazama anasema. Mezani anatoa pua, mwendo juu ya maji, dakika, alama gani upande gani. Hewani anasema kwa sauti, "Mnemba dakika ya 13, kushoto, maili 4," halafu ndo anatazama ramani ya skrini kusahihisha. Skrini imegeuka kama majibu ya nyuma ya kitabu cha hesabu, ukiyatazama kwanza hujifunzi kitu, ukiyatazama mwisho yanakufundisha kuliko mwalimu. Na hapa skrini ina uzuri ambao geji hazina, kwenye duara la dira la G1000 kuna kialmasi kidogo cha majenta kinachoonyesha ndege inapita wapi kweli, na pua yenyewe iko juu pale, ule mwachano kati ya pua na kialmasi ndo upepo wenyewe umekaa mbele yako unauona. Miezi 8 kilikuwepo na hakukijua kazi yake. Sasa anaweka upepo, anatabiri mwachano digrii 9, anatazama, unakuta 9 au 8. Mimi nilipokuwa nasoma ningetoa chochote kuonyeshwa upepo namna hii.

Wiki iliyopita ametaka mwenyewe kipande kigumu zaidi, Pemba kwenda Tanga, kuvuka mkondo wa Pemba ambako katikati hamna Mnemba wala chochote, maili 45, karibu zote maji matupu. Kusi lile lile. Aliandika kwenye karatasi: njia 285, pua 278, dakika 22. Ndege aliyochagua ni ya skrini. Kabla ya kuondoka alikata kipande cha karatasi nyeupe, akakibandika na selotepu juu ya ramani yote ya skrini ya kulia, akawasha saa, akaondoka. Dakika ya 18 ukanda wa pwani ukaanza kutoka kwenye ukungu, akaniuliza kama ile ghuba ni Tanga. Nikamwambia sijui, wewe ndo rubani, saa yako inasema nini. Akaitazama saa, akatazama karatasi yake, akasema zimebaki dakika 4, ghuba iko mbele ya pua, ni Tanga, natelemka. Karatasi ya kwenye skrini aliitoa baada ya magurudumu kugusa.